Pfalzgrafenstein, ngome ndogo katikati ya mto Rhine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo watu hurudia kuuliza kuhusu Pfalzgrafenstein, ile ngome nyeupe iliyokaa juu ya mwamba katikati ya mto Rhine, mbele ya mji mdogo wa Kaub nchini Ujerumani. Tunaanza na mambo ya msingi, kisha ujenzi wenyewe, halafu yale ya kubishaniwa. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye swali lake.

Dokezo moja kabla hujaendelea. Ukiitazama kama ngome ya vita, nusu ya jengo hili haitakuingia akilini. Itazame kama forodha iliyovaa deraya, na kila kona itaanza kujieleza.

## Mambo ya msingi

1. Pfalzgrafenstein ni nini, na iko wapi hasa?

Ni ngome ndogo ya karne ya 14 iliyojengwa ili kutoza ushuru vyombo vinavyopita mto Rhine. Imesimama kwenye kisiwa cha mwamba kiitwacho Falkenau, katika jimbo la Rheinland-Pfalz, magharibi mwa Ujerumani. Upande wa kulia wa mto uko mji wa Kaub, na juu ya mji huo, mlimani, iko ngome nyingine iitwayo Gutenfels. Ukishuka na maji kilomita chache tu unafika kwenye jabali mashuhuri la Loreley.

Sehemu hii ya bonde, yenye urefu wa kilomita 65 hivi kutoka Bingen na Rüdesheim hadi Koblenz, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2002. Bonde limejaa ngome pande zote mbili, nyingi zikiwa magofu au zimejengwa upya karne ya 19. Hii yetu haimo katika makundi hayo mawili, na ndiyo maana inastahili ukurasa wake.

2. Jina hilo refu lina maana gani?

Pfalzgraf ni cheo cha mtawala wa eneo la Palatinate, mmoja wa wakuu wazito wa dola ya Ujerumani ya zama za kati. Stein ni jiwe au mwamba. Kwa hiyo ni "mwamba wa Pfalzgraf". Wenyeji hawajisumbui na jina lote. Husema Pfalz tu, au Pfalz ya Kaub.

3. Je, ni kasri? Mfalme gani aliishi humo?

Hakuna. Hapajawahi kuwa na makao ya mfalme wala malkia, na hakuna ukumbi wa karamu. Walioishi humo walikuwa askari wa zamu, wapatao 20, na mkuu wao. Vyumba ni vichache, vyembamba na vya baridi. Anayekuja akitarajia mazulia na vinara vya dhahabu ataondoka amenuna.

4. Kwa nini ijengwe majini wakati milima ipo tele?

Kwa sababu ya njia ya meli. Juu kidogo ya Kaub, yaani maji yanakotoka, upande wa kushoto wa mto, palikuwa na miamba na maji makali yaliyotisha manahodha. Chombo kilichotaka kufika salama kililazimika kushika mkondo wa kulia, karibu na mji. Anayeweka mnara kwenye mwamba wa katikati anazibana meli zote kati ya mnara huo na ukingo wa Kaub. Ngome ya mlimani ingeziona meli zikipita. Hii inazigusa.

Faida ya pili ni kwamba mto ni handaki ambalo halihitaji kuchimbwa.

## Ujenzi, hatua kwa hatua

5. Nani aliijenga, na lini?

Mnara wa kwanza uliinuliwa mwaka 1326 na 1327 kwa amri ya Ludwig wa Bavaria, wa ukoo wa Wittelsbach, aliyekuwa mfalme wa Wajerumani na wakati huo huo akiishika Palatinate. Ukoo huo ulikuwa na mguu Kaub tangu mwaka 1277, ulipoununua mji pamoja na ngome ya mlimani. Kwa hiyo ushuru wa Kaub ni wa zamani kuliko mnara. Mnara uliongeza meno tu.

Ludwig hakuufaidi muda mrefu. Mwaka 1329, kwa mkataba wa Pavia, Palatinate ilienda kwa wana wa kaka yake na uzao wao. Ukuta unaouzunguka mnara (swali la 8) ni kazi ya zama za hao warithi.

6. Ni kweli Papa alitaka ibomolewe?

Ndiyo. Papa Yohane XXII, aliyekaa Avignon, alikuwa na ugomvi mkubwa na Ludwig na alikwisha kumtenga na Kanisa mwaka 1324. Mwaka 1327 alilalamikia mnara mpya wa Kaub uliojengwa ili kukamua ushuru, akawataka maaskofu wakuu wa Rhine wauangushe.

Hapa sharti msomaji acheke kidogo. Maaskofu hao, wa Mainz, Trier na Köln, nao walikuwa na vituo vyao vya ushuru kwenye mto huo huo. Mnara haukuguswa, na Januari 1328 Ludwig akavikwa taji la kaisari mjini Roma bila ridhaa ya Papa. Kwetu tunaofuatilia majengo, lalamiko hilo lina thamani ya pekee: linathibitisha kwamba mwaka 1327 palikuwa na mnara wa kulalamikiwa.

7. Kwa nini mnara una pembe tano? Nne zisingetosha?

Simama upande wa juu wa mto, maji yanakotoka, utapata jibu. Pembe ya tano imeelekezwa huko kama ncha ya kabari. Maji ya mafuriko, magogo na mabamba ya barafu yanayosukumwa na mkondo yakigonga ncha hupasuka na kupita kushoto na kulia. Yangekutana na ukuta bapa, yangeusukuma kwa nguvu zao zote.

Minara ya pembe tano ipo pia kwenye ngome za milimani Ujerumani, ambako ncha huelekezwa upande adui anakoweza kutokea ili kukengeusha mawe ya kurushwa. Hapa adui wa kwanza ni mto. Ufundi ni ule ule, uliohamishwa kutoka vitani kwenda kwenye maji.

Jambo jingine la kuangalia: mlango wa mnara haupo chini usawa wa ua, uko juu. Mlinzi alipanda kwa ngazi, na ngazi ikiondolewa, aliyebaki chini amebaki chini.

8. Ukuta wa nje uliongezwa lini, na kwa nini?

Kuanzia mwaka 1338 na miaka michache iliyofuata, mnara ulizungushiwa ukuta wa pembe sita wenye kimo cha mita 12 hivi. Hii ndiyo hatua iliyoipa Pfalz umbo tunalolijua. Kabla yake palikuwa na nguzo moja ya mawe kwenye mwamba; baada yake, palikuwa na ngome.

Ukiuchora ukuta huo kwenye karatasi hupati pembe sita za mzinga wa nyuki. Ni umbo lililovutwa kufuata urefu wa mwamba na mwelekeo wa maji: jembamba ncha ya juu, pana katikati. Watu wote hulifananisha na meli, nami siwalaumu, ila fundi hakuwa akichonga meli. Alikuwa na mwamba wa umbo hilo na mto wenye tabia ile iliyoelezwa swali la 7, akafuata vyote viwili. Mjenzi wa meli na mjenzi wa Pfalz wamefikishwa mahali pamoja na maji.

Kwa ndani ukuta unabeba njia za walinzi, moja juu ya nyingine. Ya chini imejengwa kwa matao, ya juu ni ya mbao na imeezekwa, ili askari azunguke ngome nzima bila kunyeshewa na bila kuonekana kutoka nje. Matundu ya kupigia yanatazama pande zote, yakiwemo yale ya upande wa mkondo ambako meli zilipita. Njia hizo mbili ndizo sehemu ninayoipenda zaidi. Ukitembea humo unaelewa kazi ya mtu wa zamu: kuzunguka, kuchungulia, kuzunguka tena.

Kwa nini kuongeza ukuta miaka 11 tu baada ya mnara? Mnara peke yake ni mahali pa kujificha. Hauna nafasi ya askari wa kutosha, kuni, chakula, wala mahali pa kushusha bidhaa. Ushuru ulipokuwa kazi ya kudumu, forodha ilihitaji ua.

9. Mwaka 1607 kulifanyika nini?

Ncha ya juu ya mto ilijengewa buruji la mizinga. Baruti ilikuwa imekwisha kubadili vita: ukuta mrefu mwembamba uliotisha karne ya 14 ulikuwa shabaha rahisi mbele ya mzinga, na forodha isiyo na mizinga yake haikuogopwa na mtu. Buruji linakaza ncha ile ile ya kabari, hivyo likafanya kazi mbili, kubeba silaha na kupasua maji.

Kwenye ncha hiyo yupo simba wa jiwe ameshika ngao ya Palatinate, akiwatazama wanaoteremka na mto. Ni kama bango la ofisi: nahodha alijua ni serikali ya nani anayoenda kuilipa.

10. Ile kofia ya mviringo juu ya mnara ni ya zama za kati?

Hapana. Ni ya mwaka 1755, mtindo wa Baroko, na imeezekwa kwa mabamba ya jiwe jeusi la sleti. Vijumba vidogo vinavyochomoza kwenye pembe za ukuta navyo ni vya marekebisho ya 1607 na 1755. Sleti haikuwa kitu kigeni hapa. Kaub ilikuwa na machimbo yake.

Kwa maoni yangu kofia hiyo ndiyo iliyoiokoa Pfalz isionekane kama gereza. Hata hivyo mtu akikuonyesha picha akasema "hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka 1340", mwambie afunike paa lote kwa kidole kwanza.

11. Na rangi nyeupe na nyekundu?

Kuta ni za mawe yasiyochongwa vizuri, yaliyopigwa lipu. Wengi hudhani jiwe tupu ndilo "halisi", na lipu ni pambo la kisasa. Mambo yalikuwa kinyume. Ukuta wa mawe ya aina hii ukiachwa bila lipu hunywa maji, na baridi ikigandisha maji hayo jiwe hupasuka. Katikati ya mto hilo si jambo la kusubiri. Mtindo wa rangi unaoonekana leo, nyeupe yenye kingo nyekundu, unaenda na sura ya karne ya 18 pamoja na kofia ya swali la 10.

## Ndani ya ngome

12. Mtu huingiaje, na ataona nini?

Lango liko upande wa mji. Halikukaa chini usawa wa mwamba. Unapanda ngazi kulifikia, kwa sababu mto hupanda pia. Langoni bado kuna wavu mzito wa mbao na chuma ulioporomoshwa kutoka juu kufunga njia. Vitu vya namna hiyo vimepotea kwenye ngome nyingi, ama vilioza ama viliuzwa kama chuma chakavu.

Ukishapita unatokea kwenye ua mwembamba, mnara ukiwa katikati karibu uuguse kwa mkono, na njia za walinzi pande zote. Kuna vyumba vya askari, chumba cha mkuu na mahali pa kupikia. Fanicha ni chache.

13. Tumesikia kuna jela ndani ya kisima. Ni kweli?

Ndivyo inavyoelezwa kuhusu Pfalz: mfungwa alishushwa kwenye shimo la kisima akaketi juu ya jukwaa la mbao lililoelea majini. Aliyekataa ushuru angewekwa humo mpaka ndugu au mabwana zake walipe fidia.

Lakini fikiri kama mtoza ushuru. Mfanyabiashara aliyefia kisimani halipi, na mwenzake akisikia atapitisha mvinyo wake kwa barabara. Kisima kilifanya kazi zaidi kwa kutajwa kuliko kwa kutumiwa.

14. Walijisaidia wapi?

Kwenye vijichumba vinavyoning'inia nje ya ukuta, juu ya maji. Rhine ilichukua vilivyobaki. Kuhusu hali ya leo, tazama swali la 25 kabla hujapanda mashua.

## Ushuru

15. Ushuru ulikusanywaje kwa vitendo?

Kwa kushirikiana. Pfalz haikuwa peke yake: Kaub ilikuwa na ukuta wa mji na wahudumu wa ushuru, Gutenfels iliangalia kila kitu kutoka juu, na ngome ya kisiwani iliziba upande wa pili. Inasimuliwa kwamba mnyororo ulivutwa kukatiza mkondo kati ya kisiwa na mji, na chombo kilibaki hapo hadi kilipe.

Mnyororo unawavutia sana wasikilizaji. Mimi naona mnyororo wa kweli ulikuwa ile pembetatu ya mji, mlima na kisiwa. Chombo kilichojaa mapipa, kikisukumwa na mkondo katikati ya pande mbili zenye silaha, hakina ujanja.

16. Waliotozwa ni akina nani, na kwa kipimo gani?

Wafanyabiashara wa mto, na bidhaa iliyotawala ilikuwa mvinyo wa bonde hilo. Ilikuwa kawaida kwenye vituo vya Rhine kukadiria shehena kwa kipimo kiitwacho Zollfuder, yaani ujazo wa mvinyo uliokubaliwa kwa ajili ya ushuru, kisha kutoza sarafu za fedha kwa kila kipimo. Bidhaa nyingine zilihesabiwa kwa kulinganishwa na mvinyo.

Kumbuka kwamba Kaub ilikuwa kituo kimoja tu kati ya vingi. Nahodha alilipa kwa mkuu huyu, akateremka kidogo, akalipa kwa yule. Wasafiri wa malori wanaojua vizuizi vya barabarani hawahitaji maelezo zaidi.

17. Ulikoma lini?

Baada ya miaka zaidi ya 500. Mwanzoni mwa karne ya 19 Palatinate ya zamani ilivunjwa na Kaub ikaingia katika himaya ya Nassau. Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wa kaskazini, iliitwaa Nassau mwaka 1866, na mwaka 1867 utozaji ukafika mwisho. Mwaka uliofuata, 1868, nchi za bonde la mto zilitia saini mkataba wa Mannheim uliothibitisha uhuru wa vyombo kwenye Rhine.

Jengo halikubaki bila kazi. Lilitumika kama kituo cha kupungia ishara meli, kwa sababu kona na miamba ya hapo haikufutwa na mkataba. Tangu mwaka 1946 ni mali ya jimbo la Rheinland-Pfalz.

## Vita, mafuriko na barafu

18. Je, ni kweli haijawahi kutekwa wala kubomolewa?

Kubomolewa, haijawahi. Kuhusu kutekwa ni lazima kuwa makini na maneno. Hakuna aliyeivamia akaivunja kuta, lakini mamlaka juu ya Kaub yalibadilika mara kadhaa, hasa katika Vita vya Miaka Thelathini, na aliyeshika mji alishika na forodha yake.

Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yaliangamiza ngome nyingi za Rhine. Ya mlimani iliyopona vizuri zaidi ni Marksburg; ya majini ni hii. Gutenfels yenyewe ilibomolewa kwa amri ya Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19, na hiyo unayoiona juu ya Kaub ni ya kujengwa upya kati ya 1889 na 1892.

Kwa nini Pfalz iliachwa? Sababu ninayoiona ni ile ile ya mwanzo: ni forodha. Kila mshindi alitaka mapato yake, na hakuna anayechinja ng'ombe ambaye ndio kwanza amempora akiwa na maziwa.

19. Inastahimilije mafuriko?

Kwa kukaa juu ya mwamba imara, kwa ncha ya kabari (swali la 7), kwa lango lililoinuliwa (swali la 12), na kwa kukubali kwamba sehemu za chini zitalowa. Hakuna kitu cha thamani kilichowekwa chini. Maji yakijaa mwamba hupotea kabisa na kuta huonekana zimeota kutoka mtoni.

20. Blücher aliivuka vipi Rhine hapa?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1814, jenerali wa Prussia Gebhard Leberecht von Blücher alianza kuvusha jeshi lake kumfuata Napoleon ndani ya ardhi ya Ufaransa. Warusi, washirika wake, waliounda daraja la mashua walilipitisha kwenye kisiwa cha Pfalz kama kituo cha katikati, na makumi ya maelfu ya askari pamoja na farasi na mizinga wakavuka kwa siku kadhaa. Mwamba uliochaguliwa kuzuia vyombo ukawa mzuri vile vile kwa kupitisha jeshi. Sanamu ya Blücher iko Kaub hadi leo.

## Maswali ya pembeni na mabishano

21. Nilisoma kwamba binti wa mfalme alifungiwa humo na kufunga ndoa ya siri. Ni kweli?

Ni hadithi tamu yenye kalenda mbovu. Anayezungumziwa ni Agnes, binti wa Pfalzgraf Konrad, aliyeolewa na Heinrich wa Braunschweig kutoka ukoo uliokuwa hasimu wa ukoo wake. Ndoa ilikuwepo kweli na ilizua kishindo, lakini ilifungwa karibu na mwaka 1194, kwenye ngome ya Stahleck juu ya mji wa Bacharach. Wakati huo mwamba wa Falkenau ulikuwa bado makao ya ndege. Mnara ulikuja miaka zaidi ya 130 baadaye.

Hadithi nyingine hudai wake wa watawala walipelekwa kisiwani kujifungua. Rudi swali la 3, fikiria vyumba vile wakati wa baridi, kisha amua mwenyewe.

22. Inatofautianaje na Mäuseturm ya Bingen?

Watu huzichanganya kwa sababu zote mbili ziko kisiwani na zote zilihusika na ushuru. Mäuseturm ilikuwa ya askofu mkuu wa Mainz, ikaharibiwa 1689, na sura yake ya sasa ni ya mjengo mpya wa Prussia wa miaka ya 1850. Picha yenye mnara mmoja mwembamba ni Mäuseturm. Ukuta mzima na kofia katikati ni Pfalz.

23. Ina uhusiano na maboma ya Wajerumani Tanzania?

Hakuna. Maboma kama lile la Bagamoyo ni ofisi za utawala wa kikoloni zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka 550 baada ya Pfalz. Ukitaka neno la pwani litakalokusaidia kuielewa, acha "boma" ushike "forodha": Forodhani ya Unguja ilipata jina lake kwa kazi ya aina hiyo hiyo, kuhesabu shehena penye maji.

24. Kwa nini Kaub hutajwa kwenye habari za biashara wakati wa ukame?

Kwa sababu karibu na hapo kuna kipimo cha kina cha maji, na mto ni wa kina kifupi sana sehemu hii, hivyo kipimo cha Kaub ndicho huamua meli zipakie kiasi gani. Oktoba 2018 kilishuka hadi sentimita 25. Hiyo haimaanishi mto ulifika kwenye vifundo vya miguu. Sifuri ya kipimo haipo chini kabisa, na njia ya meli ilikuwa na zaidi ya mita moja ya ziada. Katika ukame wa namna hiyo mwamba wa Falkenau hubaki wazi kote, na msingi wa ngome huonekana vizuri kuliko wakati wowote.

25. Naweza kuitembelea?

Ndiyo, ni makumbusho chini ya idara ya urithi wa utamaduni ya jimbo. Treni ya ukingo wa kulia, kati ya Wiesbaden na Koblenz, husimama Kaub. Kutoka hapo kuna mashua ndogo ya kwenda kisiwani. Usiichanganye na kivuko cha magari kinachokwenda ng'ambo. Mto ukijaa mashua haiendi, kwa hiyo ulizia siku hiyo hiyo.

Ndani hakuna umeme wala choo. Ngazi ni nyingi na nyembamba, na asiyeweza kupanda atapata taabu tangu langoni. Beba koti hata kiangazi.

26. Wanaosema "imebaki kama karne ya 14" wanasema kweli?

Nusu. Mnara, ukuta na mpangilio wa ua ni wa karne ya 14, na hakuna aliyebomoa akajenga upya, jambo ambalo ni nadra sana kwenye Rhine. Buruji ni la 1607, kofia ni ya 1755, vijumba vya pembeni ni vya marekebisho hayo. Mbao hubadilishwa na lipu hupigwa upya, vinginevyo mto ungekwisha kuila.

Ukiwa na nusu saa tu, isome kwa mpangilio huu. Simama ukingoni Kaub, juu kidogo ya mji, utazame ncha yenye simba: hiyo ni 1607. Fuata ukuta kwa macho hadi ncha ya pili: 1338. Inua macho kwenye mwili wa mnara, chini ya paa: 1327. Kisha paa lenyewe. Halafu shusha macho uitazame njia ya meli, uone ilivyo karibu na miguu yako.